Volti 12 za Uongo

Mpwa wangu ana miaka 13, na hapa kwetu Nyalenda ndiye mtu wa mwisho anayeniita Injinia bila kucheka. Wengine pia huniita hivyo, lakini ukitega sikio utasikia kicheko kimejificha ndani ya neno. Niliacha uhandisi wa umeme nikiwa mwaka wa pili. Harambee ya kwanza ilishaliwa na karo, na ya pili mama alisema hataki hata kuisikia ikitajwa. Nikarudi Kisumu na begi moja na jina ambalo halikukubali kuacha shule pamoja nami.

Tangu hapo nala kwa kuandika. Si kuandika huku kwa jina langu, hapana. Nawaandikia watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona: magodoro, talaka za Texas, meno ya mbwa. Mteja anatuma kichwa cha habari, mimi natuma maneno, yeye anatuma dola, na kesho yake ile kazi inatokea mtandaoni na jina la mtu mwingine juu yake. Wasee wengi ninaowajua mjini hapa wamelipa kodi ya nyumba kwa njia hiyo. Sioni haya kuisema. Au tuseme sikuona haya, mpaka ile siku ya Dunga.

Mwaka uliotangulia, mteja mmoja mwenye tovuti ya magari, boti na ndege ndogo za rimoti aliniagiza maneno 1,200 kuhusu plagi za betri: mbona zinapata moto, mbona zinakata umeme, utajuaje iliyoharibika. Alilipa dola 9. Sikuwa nimewahi kushika hata moja ya plagi hizo. Nilitazama video tatu, nikasoma kurasa chache, nikaandika usiku kucha kwa bando ya mkopo. Ilipochapishwa, juu yake kulikuwa na picha ya mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, eti amestaafu baada ya miaka 30 ya uhandisi. Nilicheka peke yangu kitandani. Angalau mmoja wetu alimaliza shule.

Ndani ya makala ile kulikuwa na sentensi niliyoipenda kwa sababu ilikuwa fupi na ilisikika kama ya mtu anayejua. Nikiigeuza kwa Kiswahili inasema hivi: Pima volti kwenye plagi kwa multimita, ukiona volti kamili, plagi ni nzima, tafuta tatizo kwingine.

Kumbuka hiyo.

Likizo ya Agosti mpwa wangu aliamua kuunda boti ya rimoti. Kwanza alitaka droni. Alikuwa amesikia habari za Mwanza mwaka wa 2018, walivyorusha droni kuvuka ziwa hadi Kisiwa cha Juma, akasema na sisi tuna ziwa hilohilo, shida iko wapi? Nikamweleza habari za KCAA na vibali, akanuna siku moja, kisha akaja na wazo la boti. Majini hakuna wa kumwomba kibali, alisema. (Viboko hakuwahesabu.)

Ile boti ilikuwa kazi safi, nasema ukweli. Mwili alichonga kutoka sponji nyeupe iliyokuja na friji ya jirani, akaipaka rangi ya mafuta ya buluu, na ubavuni akaandika maneno kama wanavyoandika wavuvi wa Dunga, kwa herufi kubwa zenye kivuli. Mota ilitoka kwenye drili ya betri iliyokufa. Rimoti, kipokezi, kidhibiti mwendo na betri ya lithiamu ya seli tatu tuliagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, vikaja na basi la usiku ndani ya katoni ya sabuni. Mimi nililipa. Nilikuwa nimemaliza kazi moja ya meno ya mbwa.

Tatizo likajitokeza palepale mezani. Betri ilikuwa na plagi ya manjano, ile inayoitwa XT60, yenye pini mbili nene zilizopakwa dhahabu. Kidhibiti mwendo kilikuwa na plagi nyeupe ya Tamiya, ya zamani, pana, yenye vijichuma vyembamba ndani. Hazioani. Mpwa akaniangalia. "Anko, wewe ni Injinia. Tengeneza kitu ya katikati."

Nikatengeneza. Nilikopa chuma cha solda cha wati 25 kwa kijana anayerekebisha simu Kondele, nikakata vipande viwili vya waya mnene, mwisho mmoja XT60, mwisho wa pili Tamiya. Waya mnene hunywa joto. Unaugusa kwa chuma kidogo namna ile na joto lote linakimbia kwenye shaba kabla risasi haijayeyuka sawasawa. Yangu iliyeyuka nusu, ikakaa juu ya waya kama ugali uliopakuliwa kabla ya kuiva, kijivu, na vibonge. Nikaivuta, haikutoka. Nikasema imeshika. Nikaifunika kwa ile mipira ya kubanwa kwa moto, nyekundu na nyeusi, ikapendeza kama ya dukani.

Dunga siku ya kwanza boti ilienda mita kumi hivi, ikazima. Tuliivuta kwa ufito. Mpwa akatoa simu yake, akaandika shida yetu kwenye Google, akaanza kunisomea kwa Kiingereza kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Sentensi ya pili tu, nikajua. Ilikuwa makala yangu. Nimewahi kuona maneno yangu chini ya majina ya watu, lakini sijawahi kuyasikia yakisomwa na mtoto wa dada yangu, ufukweni, akiyaamini.

"Huyu mzee anasema tupime volti kwa plagi," akasema. "Tukiona iko sawa, plagi haina shida."

Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Na si aibu iliyonizuia, acha niseme ukweli, ilikuwa raha. Nilitaka kusikiliza kidogo zaidi.

Tukapima. Multimita ikasoma 12.2. Betri ya seli tatu ikijaa kabisa huwa na volti 12.6, kwa hivyo 12.2 ni afya njema. "Plagi ni nzima," nikatangaza. Tukalaumu antena. Tukainyoosha, tukaifunga kwenye kijiti cha juu, tukairudisha boti majini.

Mara ya pili ilitoka kwa kishindo. Ilipita mitumbwi iliyofungwa, ikapita mafunjo, ikaelekea pale gugumaji huelea kwa vikundi. Mpwa alikuwa anapiga mayowe ya furaha, na wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona wakatazama. Kisha kamba ya gugumaji ikajisokota kwenye rafadha. Mota ikalia sauti nzito, sekunde moja hivi, na boti ikasimama. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Kimya. Mita arobaini kutoka ufukweni, na upepo wa jioni unaanza kuisukuma nje.

Nilikuwa nimeinamia rimoti, natikisa swichi kama mtu anayesali. Nilipoinua kichwa, viatu vya mpwa wangu vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya jiwe, na yeye alikuwa majini hadi kifuani.

Mimi siogelei. Nimezaliwa kilomita mbili kutoka Ziwa Victoria na siogelei, na si mimi peke yangu mtaani. Yeye pia haogelei, anapiga tu maji kama mbwa. Na Hippo Point, hapo karibu na Dunga, halikupewa jina hilo kwa mapambo. Saa kumi na mbili jioni viboko huanza kusogea kuja kula nyasi. Niliita jina lake. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. Mmoja wa wale wavuvi hakuita. Alisukuma mtumbwi, akapiga kasia mara nne, tano, akamshika mtoto kola ya shati akampandisha kama anavyopandisha mbuta. Kisha, kwa utulivu kabisa, akaenda akaichukua na boti.

Aliporudi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Omera, hii toy ni pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akarudi kwa nyavu zake.

Nyumbani dada yangu alisikiliza hadithi yote akiwa anakata sukuma. Hakuinua macho. Mwisho akasema neno moja, "Injinia," akaendelea kukata.

Usiku huo nilipima tena. 12.1. Plagi ni nzima, sentensi yangu ikaniambia. Lakini nilipovua ule mpira mwekundu, nikakuta plastiki nyeupe ya Tamiya imelainika ukingoni, imepinda kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Kitu kilikuwa kimechemka humo ndani. Volti zilisema uzima, plastiki ikasema homa.

Asubuhi nikabeba kila kitu hadi Kibuye. Nyuma ya soko kuna mzee anayetengeneza taa za omena. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa inayowaita juu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta taa. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED na betri. Kwa hivyo meza ya mzee huyu imejaa betri za volti 12, vibanio vya meno ya mamba, waya zilizoliwa na kutu ya kijani. Nikamsalimia, Jaduong', nikamweleza. Nilitumia maneno yote makubwa ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Ulipima ikiwa inafanya kazi, ama ikiwa imelala?"

"Imelala," nikasema.

"Eh. Mtu mgonjwa akilala pia anakaa mzima."

Akavuta kutoka chini ya meza balbu ya taa ya mbele ya matatu, wati 55, ameilehemu nyaya mbili fupi. Akaiunganisha kwa betri yetu kupitia ile kazi ya mikono yangu. Balbu ikawaka. Sasa, akasema, usipime betri, pima kiungo. Akaniwekea ncha moja ya multimita kwenye pini ya XT60 na nyingine kwenye waya, upande wa pili wa lehemu yangu. Kwa kiungo kizima, multimita ingesoma karibu na sifuri, milivolti chache tu. Yangu ilisoma 0.45.

"Hiyo nusu volti imeenda wapi?" akauliza.

Hapo ndipo mwaka wa pili ulinirudia wote kwa mara moja, ule mlango wa maabara, vifaa vya watu wawili tukiwa wanane, mimi nikiwa nyuma nanakili namba za wenzangu. Balbu ile inavuta karibu ampea 4.5. Gawanya 0.45 kwa 4.5, unapata ukinzani wa omu 0.1. Ni kidogo mno, multimita yangu ya shilingi mia tano haiwezi hata kuuona. Lakini gugumaji likishika rafadha, mota inavuta ampea 20 au zaidi. Ishirini mara 0.1 ni volti 2 zilizopotelea ndani ya tone moja la risasi mbovu. Betri yenyewe ikifanya kazi ngumu hushuka hadi volti 11 hivi. Ondoa 2. Kidhibiti mwendo kinaona 9 na kitu, kinadhani betri imeisha, kinakata mota ili kuilinda. Mota ikikatwa, mzigo unaondoka, volti zinarudi 12, nami nafika na multimita yangu kupima mgonjwa aliyelala.

Na zile volti 2 hazipotei bure. Volti 2 mara ampea 20 ni wati 40, joto tupu. Chuma cha solda cha mzee mwenyewe kilikuwa cha wati 40. Yaani ndani ya boti ya sponji, kila gugumaji lilipokaza, nilikuwa nimeacha chuma cha solda kikiwaka.

Nilimuuliza mzee kama anajua hizo hesabu. Akasema yeye anajua bomba. Maji ya kioski chenu, akasema, paipu ikiwa na takataka katikati na bomba limefungwa, presha huku na huku ni moja. Hutajua kitu. Fungua bomba, mama aweke jerikeni, ndio utajua. Wavuvi humletea taa wakilalamika kwamba ufukweni inawaka vizuri na ikifika kilindini inafifia. Huwa haipimi kabla ya kuiwasha dakika tano. Halafu anagusa viungo vyote kimoja kimoja kwa kidole. Palipo na moto ndipo penye kazi.

Alinifanya niirudie mwenyewe. Hii sehemu nitaieleza polepole, kwa sababu huenda kuna msomaji ana boti, au pikipiki ya umeme, au spika ya betri inayozima muziki ukipanda. Kama unabadilisha plagi upande wa betri, usikate nyaya mbili kwa pamoja. Mkasi ni chuma, utaunganisha nyekundu na nyeusi na betri ya lithiamu haina huruma na shoti. Kata mmoja, ulehemu, ufunike, ndipo ugeukie wa pili. Chomeka plagi dume ndani ya jike kabla ya kuipasha moto, ili plastiki ikilainika pini zisihame. Kwangua waya mpaka shaba ing'ae, paka ile dawa ya kahawia. Pasha waya peke yake mpaka uinywe risasi, pasha kikombe cha pini mpaka kiinywe pia, halafu ndipo uvikutanishe na ushikilie, usipumue, mpaka ipoe. Ile ya mzee ilitoka inang'aa na imetandaa kama mafuta kwenye sufuria. Kisha akachukua ile Tamiya, akaitazama dhidi ya mwanga. Vijichuma vya ndani vilikuwa vimelegea, havibani. Akaitupa kwenye kopo. "Hii ni ya mota ya mtoto," akasema. "Weka manjano pande zote mbili." Kwa hivyo hata kile kitu cha katikati hakikuhitajika. Nilikuwa nimeongeza viungo vinne mahali palipohitaji viwili.

Nikauliza deni langu. Shilingi mia mbili.

Jioni nilimkalisha mpwa wangu mlangoni nikamwambia yote mawili. Kwamba mimi si injinia, niliacha mwaka wa pili. Hilo alilipokea kama habari ya mvua. Inaonekana mama yake alishamwambia zamani, na yeye aliendelea kuniita hivyo kwa sababu zake. Kwamba ile makala ya mzee mwenye ndevu ni yangu. Hilo ndilo lililomnyanyua kichwa.

"Wewe ndio uliandika plagi ni nzima?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umewahi kuishika?"

"Hapana."

Alifikiria kwa muda mrefu. Nilitamani anitukane. "Sasa waambie waibadilishe," akasema.

Nilimwandikia mteja usiku huohuo. Nikamweleza kosa, nikamtumia aya mpya, bure, ya kupima kiungo kikiwa na mzigo. Alijibu baada ya siku mbili, kwa adabu. Makala ile inafanya vizuri kwenye Google, alisema, iko ukurasa wa kwanza, na wana desturi ya kutogusa kinachofanya vizuri. Akaniuliza kama nina nafasi ya maneno 800 kuhusu chaja.

Nilikuwa na nafasi. Kodi ilikuwa tarehe tano. Nilimjibu kwamba nitaiandika nikishashika chaja mkononi, na sijasikia kutoka kwake tena. Makala bado iko pale. Jana niliifungua nikahesabu maoni chini yake: mtu mmoja anamshukuru mzee mwenye ndevu kwa kumwokolea siku.

Jumamosi tulirudi Dunga, saa nne asubuhi, viboko wakiwa mbali. Dada yangu alikuja pia, akaketi akiwa ameipa ziwa mgongo, anakula samaki, hataki kuona. Nyuma ya boti tulifunga uzi wa nailoni wa mita mia, mwisho wake ukiwa umezungushwa kwenye mkono wangu. Yule mvuvi alituona, akatazama uzi, akasema kitu kwa mwenzake wakacheka. Mpwa aliipeleka hadi kwenye gugumaji makusudi. Mota ikalia ile sauti nzito. Nikashika pumzi. Ikaendelea kulia, rafadha ikalikata gugu, boti ikatoka upande wa pili na kugeuka.

Dakika tano zilipotimia niliivuta nchi kavu, nikafungua kifuniko, nikaweka kidole kwenye plagi ya manjano. Vuguvugu, kama chapati iliyokaa mezani kidogo.

"Iko aje?" mpwa akauliza. Alikuwa ameshika multimita, hajaiwasha.

"Iguse mwenyewe."

Akagusa. Akaacha kidole pale, anahesabu kwa midomo. "Tuiwashe tano zingine," akasema. "Halafu tuguse tena."